Shajara ya mradi: kusaka mistari hafifu ya molekuli katika diski ya HD 163296

Lengo na kigezo

Mradi unatumia data ya wazi kutoka hifadhi ya ALMA, safu ya antena 66 zilizoko uwanda wa Chajnantor katika jangwa la Atacama, Chile, mita zipatazo 5,000 juu ya usawa wa bahari. Kinachosakwa ni mawimbi ya redio yatokayo kwenye molekuli zilizo ndani ya diski ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa HD 163296, humo humo sayari zinamoundwa. Kila molekuli hutoa mawimbi kwenye masafa yake mahususi, yanayoitwa mistari. Mistari ya kaboni monoksidi (CO) haina shida, inajionesha yenyewe. Kazi iko kwenye mistari ambayo ukifungua ramani ya kawaida huioni kabisa, na bado ipo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusipime hidrojeni moja kwa moja ilhali ndiyo karibu gesi yote ya diski. Molekuli ya H₂ ina pande mbili zinazofanana, haina ncha za umeme, na kwenye baridi ya makumi ya kelvini haitoi mwanga wa maana. Tunalazimika kuisoma gesi kupitia molekuli adimu zilizochanganyika nayo.

Diski hii imechaguliwa kwa sababu jiometri yake inafahamika vizuri: umbali parseki 101 (kama miaka ya nuru 330), nyota yenye uzito wa takriban Jua mara 2.0, mwinamo nyuzi 46.7, mhimili mrefu kwenye nyuzi 133.3 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, na kasi ya mfumo mzima 5.8 km/s katika fremu ya LSRK, yaani ile inayofuata mwendo wa wastani wa nyota jirani za Jua. Namba hizo tano ndizo mtaji wa mradi. Mstari hafifu haupatikani kwa kukodolea macho ramani. Unapatikana kwa kujua mapema, pikseli kwa pikseli, gesi inapaswa kuwa na kasi gani.

Kabla ya kufungua data, kigezo cha ugunduzi kimeandikwa kwenye faili la mradi na hakibadilishwi baadaye. Mstari unahesabiwa umepatikana iwapo masafa yake yamo kwenye katalogi ya CDMS au JPL (orodha za masafa ya molekuli), kilele chake kiko kwenye 5.8 km/s bila kusogezwa kwa mkono, kinafika sigma 4 (mara nne ya kiwango cha kawaida cha kelele) au zaidi, na kinatoweka au kudhoofika kwa kiwango kinachotarajiwa tunapoiharibu jiometri makusudi. Sharti la mwisho ndilo lenye meno, na sehemu kubwa ya shajara hii itarudi kwake.

Mistari iliyo kwenye orodha

Mpangilio mmoja wa Bendi ya 6 (211 hadi 275 GHz) unatosha kuchukua kundi zima:

- DCO⁺ 216.113 GHz
- DCN 217.239 GHz
- c-C₃H₂ 217.822 GHz
- H₂CO (fomaldehidi) 218.222, 218.476 na 218.760 GHz
- HC₃N 218.325 GHz
- CH₃OH (methanoli) 218.440 GHz
- C¹⁸O 219.560 GHz, ¹³CO 220.399 GHz na CO 230.538 GHz

Mistari mitatu ya CO na ndugu zake si shabaha. Inatumika kukagua jiometri, na ¹³CO inafaa pia kama kiolezo cha kichujio. Methanoli iliyo kwenye 218.440 na fomaldehidi ya 218.476 zinaonekana kukaribiana, lakini tofauti ya 35.5 MHz ni sawa na kama 49 km/s, mbali sana kuliko upana wa mstari wa diski, kwa hiyo hakuna hofu ya kuingiliana.

C₂H ya 262.004 GHz imeachwa kwa sasa. Mstari huo umepasuka kwa sababu ya spini za viini, na jozi yake ya kwanza imetengana kwa kama 2.5 km/s tu. Kwenye diski inayozunguka, sehemu moja ya jozi inaangukia juu ya nyenzake kutoka upande mwingine wa diski. Inawezekana kuishughulikia kwa kuijenga jozi nzima ndani ya kiolezo, ila si mahali pa kuanzia.

Upakuaji na kalibresheni

Hifadhi inatoa data ghafi, skripti, na ripoti ya ukaguzi wa ubora. Ndani ya kifurushi kuna scriptForPI.py, ambayo ikiendeshwa inarudisha data iliyokalibriwa. Iendeshwe kwa toleo lile lile la CASA (programu ya kuchakata data za darubini za redio) lililotajwa kwenye ripoti. Ukitumia toleo jipya kwa sababu ndilo lililopo kwenye mashine, mara nyingi skripti itagoma katikati. Afadhali igome kuliko imalize kimya huku jedwali mojawapo la kalibresheni likiwa halijatumika. Baada ya hapo data ya nyota inatengwa kwa split kutoka kwenye safu ya corrected, na kuanzia hatua hiyo toleo jipya la CASA linaruhusiwa.

Tenga nafasi ya kutosha kwenye kompyuta. Seti moja iliyokalibriwa inakula makumi ya gigabaiti, na kila hatua inayofuata huandika nakala yake.

Jambo la kukagua hapa ni uzito, yaani kiasi cha kuaminiwa, wa kila kipimo cha jozi ya antena. Kichujio tutakachotumia baadaye kinauamini uzito huo bila kuuliza, hivyo ukiwa na makosa, kila sigma itakayotoka ni ya uongo. Tumeendesha statwt, amri ya CASA inayokadiria uzito upya, kwenye chaneli (vipande vyembamba vya masafa) zisizo na mstari wowote. Kuziacha chaneli zenye CO ndani ya hesabu hiyo ni kosa baya: mwanga wa CO unahesabiwa kuwa kelele, na jozi za antena zilizo karibu, zile zinazoona CO vizuri zaidi, ndizo zinazopunguziwa uzito.

Dirisha la CO, yaani fungu la masafa lenye mstari huo, lilihitaji jicho la ziada. Angahewa yetu ina mstari wa ozoni karibu na 231.28 GHz, na chaneli zinazouzunguka zina kelele kubwa kuliko jirani zake. Hazitumiki kukadiria kelele.

Fremu ya kasi na upana wa chaneli

Darubini hurekodi masafa kama yanavyofika ardhini. Dunia inalizunguka Jua kwa kasi ya kama 30 km/s, ambayo kwenye 218 GHz ni hadi 22 MHz za kusogea kulingana na msimu. Data za misimu tofauti zikiunganishwa bila kugeuzwa kuwa LSRK, mstari unasambaa na kupotea. Hata ndani ya saa moja, Dunia kujizungusha yenyewe kunaweza kuusogeza mstari kwa kama 0.1 km/s. Kwa CO pana hilo halina uzito, lakini kwa mistari tunayoisaka lina maana.

Upana wa asili wa mstari ni mdogo. Molekuli ya H₂CO kwenye kelvini 30 ina upana wa kijoto wa kama 0.2 km/s katika nusu ya kimo. Chaneli za data ni 61.035 kHz, yaani 0.084 km/s kwenye 218.222 GHz, lakini kwa sababu ya ulainishaji wa Hanning unaofanyika kwenye kompyuta ya darubini, chaneli jirani hazijitegemei na upambanuzi wa kweli ni mara mbili ya hapo, kama 0.17 km/s. Tumechagua hatua ya 0.25 km/s, takriban chaneli tatu.

Namba hiyo haikutoka hewani. Ukipanga upya chaneli kwa hatua iliyo ndogo au inayokaribiana na chaneli ya asili bila kulingana nayo, ukadiriaji wa thamani za katikati unafanya kelele ipande na kushuka kwa mawimbi kutoka chaneli hadi chaneli. Kuna chaneli zitakazoonekana tulivu kuliko zilivyo, na kuna nyingine zitakazopanda na kuonekana kama mstari. Dalili yake ni rahisi kuiona: chora kelele ya kila chaneli dhidi ya masafa. Ikiwa mchoro una mawimbi yenye kipindi maalumu, hatua uliyochagua haifai.

Kuondoa mwanga wa vumbi

Vumbi la diski hii linang'aa, lina pete zinazojulikana kwenye AU kama 67 na 100 (AU moja ni umbali wa wastani wa Dunia na Jua), na mwanga wake ni mkubwa kuliko mstari wowote hafifu. Tunauondoa kwenye vipimo vya jozi za antena, kabla ya kutengeneza taswira, kwa uvcontsub yenye mstari ulionyooka (fitorder 1) uliopimwa kwenye chaneli zisizo na molekuli. Kwenye CASA za karibuni kazi hii imeandikwa upya. Fitspw imekuwa fitspec na skripti za zamani hukataa.

Fungu linaloachwa bila kupimwa ni kasi ya mfumo kuongeza na kupunguza 12 km/s kwa kila mstari wa orodha, hata ile tusiyoitegemea kuonekana. Ukiisahau methanoli kwenye orodha ya kutengwa, unaingiza mwanga wake, kama upo, ndani ya kipimo cha vumbi na kujipunguzia ushahidi mwenyewe.

Kwa mistari minene kama CO kuna mtego mwingine. Gesi ya mbele inalizuia vumbi la nyuma, kwa hiyo kwenye chaneli za mstari mwanga wa vumbi haupo wote. Ukiutoa wote kama ulivyo kwenye chaneli jirani, unatoa kupita kiasi na katikati ya diski panabaki shimo ambalo si shimo la gesi. Kwa mistari hafifu athari hiyo ni ndogo, ingawa vumbi zito la ndani linaweza kuifunika gesi iliyo nyuma yake.

Taswira

tclean, amri ya CASA ya kutengeneza na kusafisha taswira, inaendeshwa kwa specmode='cube', outframe='LSRK', multiscale, na uzito wa Briggs wenye robust 0.5. Kwa mistari hafifu tunapunguza upambanuzi makusudi kwa uvtaper hadi kupata bimu, yaani doa dogo kabisa ambalo darubini inalipambanua, ya takriban sekunde-tao 0.5, sawa na AU 50 kwenye umbali huu. Tamaa ya bimu ndogo ndiyo inayoua miradi ya aina hii. Kwenye 218.222 GHz, mJy 1 (millijansky, kipimo cha mwanga wa redio) kwa bimu ya 0.5 kwa 0.5 ni kama kelvini 0.10, ukiipunguza bimu hadi 0.1 kwa 0.1, mJy ile ile ni kelvini 2.6. Gesi baridi iliyosambaa haina kelvini za kutosha kushinda kelele ya namna hiyo.

Barakoa ya kusafishia imechorwa kwa kanuni ya Kepler: kasi ya gesi kwa km/s ni 29.8 mara kipeuo cha pili cha jibu la uzito wa nyota (kwa Jua) gawanya kwa umbali (kwa AU). Kwa HD 163296 inatoa 4.2 km/s kwenye AU 100, na baada ya kuzidisha kwa sini ya mwinamo, 3.1 km/s kuelekea kwetu au kwenda mbali nasi. Kila chaneli inapata umbo lake, na usafishaji unabaki ndani ya umbo hilo hadi kizingiti cha sigma 3.

Kuna ukweli usiopendwa kuhusu taswira za mistari hafifu. Kilichosafishwa kinarudishwa kwa bimu safi, mabaki yanabaki kwa bimu chafu, na maeneo ya bimu hizo mbili hayalingani. Mstari ukiwa chini ya kizingiti, karibu mwanga wake wote uko kwenye mabaki, na jumla unayoisoma kwa Jy si ya kuaminika hadi uwiano wa bimu hizo mbili uingizwe kwenye hesabu. Hili linajulikana kama athari ya JvM, na makala ya mradi wa MAPS ya 2021, uliochunguza diski tano ikiwemo hii, yalilishughulikia kwa kina. Sisi taswira tunaitumia kuona. Ugunduzi unaamuliwa kwingine.

Kuhamisha kasi na kujumlisha

Hapa jiometri inaanza kulipa. Kati ya AU 50 na 300, mzunguko unausambaza mstari kuanzia kama 1.5 hadi 10.1 km/s, upana wa 8.7 km/s. Ukijumlisha mwanga wote wa diski bila kurekebisha, unajumlisha na kelele ya upana huo wote. Lakini kasi ya kila pikseli inajulikana. Basi kila spektra (mchoro wa mwanga dhidi ya kasi) inasogezwa hadi kwenye kasi ya mfumo, kisha zote zinajumlishwa. Mwanga ule ule unakusanyika ndani ya kama 0.5 km/s, yaani upana umepungua mara 17, na uwiano wa ishara kwa kelele unapanda kwa kipeuo cha pili cha 17, kama mara 4. Hiyo ni faida ya bure, bila saa hata moja ya ziada ya darubini.

Tunatumia GoFish, programu ya Python, ikipewa mwinamo, pembe, uzito, umbali na mipaka ya AU 50 na 300. Mpaka wa ndani hauna mjadala: chini ya upana wa bimu moja, kasi nyingi zinachanganyika ndani ya doa moja na hakuna kusogeza kutakakozitenganisha. Ukianzia kwenye AU 0 unaongeza kelele na mkia mpana.

Pembe ya mhimili lazima ielekee upande unaokwenda mbali nasi. Makala nyingine hutoa pembe ya diski ya vumbi, ambayo haijali upande upi unakuja na upi unakwenda. Ikiwa na tofauti ya nyuzi 180, kila spektra inasogezwa kinyume na mstari unapanuka mara mbili badala ya kubana. Kagua kwa CO kwanza. CO ikibana, pembe iko sawa.

Kuhusu kelele: pikseli za jirani zimefungamana ndani ya bimu, hivyo kugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya pikseli ni danganya toto. Diski yenye nusu kipenyo cha sekunde-tao 3 kwa mwinamo huu ina eneo la kama sekunde-tao 19 za mraba, bimu ni 0.28, kwa hiyo sampuli zinazojitegemea ni 68 hivi, si maelfu ya pikseli zinazoonekana kwenye faili. Tunapima kelele kwa kuchukua barakoa ile ile na kuipandikiza kwenye chaneli za nje ya mstari mara nyingi, kisha kusoma mtawanyiko wa majumlisho.

Hali baada ya hatua hii: DCO⁺ na H₂CO ya 218.222 zimesimama wazi. DCN na c-C₃H₂ ziko juu ya kizingiti. Mistari miwili mingine ya H₂CO inaonekana kwa shida, na HC₃N na CH₃OH hazionekani.

Kichujio linganifu

Njia hii inaepuka taswira kabisa. Unatengeneza kiolezo cha mchemraba unaotarajiwa (mahali kwa mahali na kasi kwa kasi), unakigeuza kuwa vipimo vya jozi za antena, na kukitelezesha chaneli kwa chaneli juu ya data halisi huku ukihesabu kulingana kwao. Pale data inapofanana na kiolezo, jibu linapanda. Gari moshi zima la tclean, barakoa na bimu linaachwa stesheni, na mistari miwili inaweza kulinganishwa bila kuulizana nani alisafishwa vipi. Programu ya VISIBLE inafanya hesabu hiyo. Methanoli ya TW Hydrae, nyota changa nyingine yenye diski, ilitangazwa mwaka 2016 kwa kujumlisha mistari mitatu karibu na 304, 305 na 307 GHz.

Kiolezo kizuri ni kile kinachofanana na molekuli inayosakwa, si chenye mwanga mwingi. CO ya kawaida ni kiolezo kibaya kwa fomaldehidi. CO inatoka kwenye tabaka lililoinuka juu ya katikati ya diski, kwa urefu wa kama theluthi moja au robo ya umbali wake kutoka nyotani, na kwa mwinamo wa nyuzi 46.7 uso wa mbele na wa nyuma unaonekana kama mabawa mawili. Molekuli za chini zaidi hazina mabawa hayo. ¹³CO ni bora, na bora kuliko zote kwa mistari ya 218.476 na 218.760 ni H₂CO ya 218.222 yenyewe: molekuli moja, mahali karibu pale pale.

Kiolezo kilichotoka kwenye taswira kinabeba kelele yake pia. Kikate kwa barakoa ya Kepler na uondoe kila kitu kilicho chini ya sigma 3 kabla ya kukitumia. Upana wa chaneli wa kiolezo na wa data lazima ulingane; ukitofautiana, kilele kinasogea pembeni na kushuka, na mtu anaweza kudhani gesi ina kasi ya ajabu.

Sasa hesabu ya kelele, ambayo kwa maoni yetu inapuuzwa mno. Dirisha la 1.875 GHz kwenye 218 GHz lina upana wa kama 2,580 km/s. Jibu la kichujio linabadilika kwa hatua za takriban 1 km/s, kwa hiyo dirisha lina majaribio yasiyotegemeana kama 2,580. Uwezekano wa kelele tupu kuvuka sigma 3 kwa upande wa juu ni 0.00135. Zidisha: vilele 3 au 4 vya uongo kwenye kila dirisha, bila molekuli yoyote. Kwenye sigma 4 inabaki 0.08. Ndiyo maana kigezo chetu ni sigma 4 kwenye masafa yanayojulikana, na kilele cha sigma 3.3 kilicho mahali pasipo na mstari wa katalogi hakiandikwi popote.

Fomaldehidi ya 218.476 imepita. Ya 218.760 ina kilele mahali pake lakini peke yake haifiki. Ina nishati na nguvu karibu sawa na ya 218.476, kwa hiyo majibu ya zote mbili yamejumlishwa, faida ya karibu mara 1.4, na jumla hiyo ndiyo inayoingia kwenye hesabu za joto.

Majaribio ya kukanusha

Kila kilichopita kinarudishwa kwenye majaribio. La kwanza ni kuzungusha pembe kwa nyuzi 180: kelele inabaki na takwimu zile zile, lakini kiolezo kinakuwa cha diski inayozunguka kinyume. Kilele cha kweli kinaanguka. Kikibaki na kimo kile kile, kinatoka kwenye kitu kisichojua mzunguko, mara nyingi mabaki ya vumbi katikati. La pili ni kugawa data kwa vipindi vya uchunguzi na kudai kilele kionekane kwenye kila nusu, kikiwa kimepungua kwa takriban mara 1.4. Chaneli mbovu ya antena moja kwa kawaida inajificha kwenye nusu moja tu.

La tatu ni kupandikiza mstari bandia wenye mwanga unaojulikana kwenye masafa matupu, ndani ya vipimo vya jozi za antena, kisha kupitisha mlolongo wote kuanzia uvcontsub. Hilo linaonyesha mwanga kiasi gani unapotea njiani, na ndilo linalovipa vikomo vya juu vya HC₃N na methanoli maana ya namba badala ya maneno "haikuonekana".

DCN ilileta ubishi. Kwa pembe iliyogeuzwa kilele kilishuka, lakini si kwa kiasi kilichotarajiwa. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mwanga wake iko karibu na mhimili mfupi kwenye bimu hii, ambako kasi kuelekea kwetu ni karibu sifuri na kugeuza pembe hakubadilishi kitu. Jaribio limerudiwa kwa kuziacha pikseli zilizo ndani ya nyuzi 20 za mhimili mfupi, na limepita.

Joto kutoka fomaldehidi

Mstari wa 218.222 unatoka kwenye ngazi ya nishati ya kelvini 21, wa 218.476 kwenye kelvini 68. Yote miwili ni ya aina ya para, hivyo uwiano wa ortho na para (aina mbili za molekuli hiyo zinazotofautiana kwa spini za hidrojeni) hauingilii. Gesi ikiwa nyembamba kwa mwanga huo na ngazi zikifuata joto lake, uwiano wa mwanga ni 0.56 mara e kwa kipeo cha hasi 47 gawanya kwa joto. Kwa kelvini 20 mstari wa pili ni kama 1/19 ya wa kwanza, kwa 30 ni 1/9, kwa 60 ni 1/4. Hapo inaonekana kwa nini ndugu huyo wa pili ni mgumu kumpata, na kwa nini kumpata kuna thamani.

Mistari hiyo ikiwa imechukuliwa kwa wakati mmoja, shaka ya kalibresheni ya mwanga (takriban asilimia 10 kwenye Bendi ya 6) inafutika kwenye uwiano, ila inabaki kwenye idadi ya molekuli. Joto la wastani wa diski nzima halitoshi, maana linachanganya ndani na nje; tunagawa kwa pete mbili tu, AU 50 hadi 150 na 150 hadi 300. Pete nyembamba zaidi zingependeza machoni na zisingekuwa na kelele inayoruhusu kusema lolote.

Methanoli

Hakuna kilele kwenye 218.440. Hilo halimaanishi methanoli haipo. Mstari huo una kasi ya kutoa mwanga iliyo ndogo kama mara 6 kuliko ya fomaldehidi ya 218.222, na molekuli ya methanoli ina ngazi nyingi zaidi za kugawana, kwa hiyo kila mstari unapata fungu dogo. Juu ya hapo, fomaldehidi inaweza kutengenezwa ndani ya gesi pia, ilhali methanoli inategemea barafu: CO inaganda juu ya punje za vumbi kwenye kama kelvini 20, kisha atomi za hidrojeni zinaongezwa moja moja hadi CH₃OH. Nyota hii ni ya moto kuliko TW Hydrae, na mpaka wa kuganda CO uko makumi ya AU kutoka nyotani, nje zaidi. Barafu iliyopo lazima pia ifumuliwe na mnururisho ndipo ionekane kama gesi.

Kikomo cha juu cha sigma 3 kimehesabiwa kwa joto la kelvini 25, 50 na 75, maana idadi ya molekuli inayotoka kwenye kikomo kile kile inategemea sana joto linalodhaniwa. Makala inayotoa kikomo kimoja bila kutaja joto haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Kinachofuata

Methanoli inahamia Bendi ya 7, kwenye mistari ya 304 hadi 307 GHz, yenye ngazi za chini (kelvini kama 20 hadi 40) na nguvu zaidi. Data za wazi za masafa hayo zinakaguliwa kwanza kwa uzito na kelele ya kila chaneli. Seti yenye mawimbi kwenye mchoro wa kelele itarudishwa hadi hatua ya split. C₂H inasubiri kiolezo chenye jozi yake nzima. HC₃N imefungwa kwa kikomo cha juu: ngazi yake kwenye 218.325 GHz ni kelvini 131, juu mno kwa gesi ya nje, na mistari ya masafa ya chini karibu na 100 GHz ndiyo mahali pake.